Andika Mawingu

Bwana Gaudreau, hunijui.
Mimi ni yule wa chini ya jengo, penye mabomba ya joto,
ninayegeuza maumivu ya Lewiston kuwa herufi na tarakimu.
Jumanne ulikuwa ukizoa theluji mlangoni pako,
kifua kikakubana, beleshi likakuponyoka.
Daktari ameandika: *huenda ni moyo.*
Kisha, kwa haraka ya mtu anayeitwa kwingine:
*inashukiwa, tuone.*

Wewe umesharudi nyumbani. Ile *huenda* imebaki kwangu,
imeketi mezani kama mgeni asiyesema ataondoka lini.

Kanuni ya wanaokuja na kurudi siku hiyohiyo ni fupi:
dalili ya mvua ni mawingu,
basi andika mawingu.
Mvua usiiandike mpaka mtu alowe.
Naandika R07.9, maumivu ya kifua,
chanzo hakijatajwa,
na *huenda* naitoa nje, kwenye baridi.

Watu wa bima hupiga simu. Wanapenda jina;
jina hulipika, mashaka hayalipiki.
Namwambia kijana wa simu: jina sina.
Nina mtu, na kifua chake.

Palikuwa na dereva wa malori, zamani, sijaijua kazi.
Alianguka dukani mara moja, kwa njaa tu.
*Huenda kifafa,* wakasema, nami nikaandika kifafa,
maana *huenda* haina tarakimu.
Vipimo vikaja safi. Leseni haikurudi.
Neno likishaingia faili hulifuti,
hubaki kama moshi ndani ya koti la sufu.
Jina lake nalikumbuka. Silitaji.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja:
mimi nalipwa kwa saa kulikanusha hilo.

Lakini nikwambie na langu, Bwana Gaudreau.
Ijumaa nilipokea bahasha, bili ya picha ya titi.
Nikasoma msimbo kabla ya bei.
N63.10. Uvimbe, upande wa kulia.
Uvimbe, basi.
Mtu fulani, chini ya mabomba mengine,
aliliona neno alilolinong'ona daktari wangu kwenye karatasi
akalitoa nje, kwenye baridi,
bila kunijua.

Majibu ni Alhamisi.
Usiku huu nimesimama dirishani, chai imepoa,
nayatazama mawingu
yakiwa mawingu.