Punje Nisizotafuna

Usiku joto lilinipanda kutoka kifuani hadi masikioni,
kama mtu amewasha mbabula chini ya shuka.
Nje Bukavu ilikuwa na baridi yake ya ziwa,
mvua ikishuka Kadutu kwa ngazi za udongo,
nami, mama wa miaka hamsini na miwili,
nikijipepea kwa daftari la mjukuu.

Mwezi hauji tena. Umeondoka bila kuaga.
Sukari ndiyo iliyokuja. Imekaa, imevua viatu.

Muuguzi Nankafu alinitoboa kidole:
mia moja ishirini na moja.
Akasema kuna utafiti, wiki kumi na mbili,
unga wa kukoroga kwenye uji;
wengine soya, wengine unga tu,
na hata yeye hajui pakiti ipi ina nini.
Ndani ya soya, alisema, mna vitu vidogo, isoflavoni,
vinavyobisha mlango wa mwili
kwa sauti inayofanana na ya homoni iliyohama.
Huenda mwili ukafungua.
Huenda ukachungulia tu dirishani.

Nikacheka kimoyomoyo. Mimi, Mama Soya!
Miaka kumi na tisa nauza punje hizi,
za Walungu, za Kabare, zenye jicho jeusi na zisizo nalo;
nimewapimia akina mama waliobeba watoto
wenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba.
Uji wa wagonjwa wadogo, tulisema.
Hakuna aliyesema ni wetu.

Kijiko cha kwanza, asubuhi ya kwanza, nikajua.
Mahindi.
Yamekaangwa vizuri, yametiwa harufu,
lakini ulimi huu hauuziwi mahindi.
Cibalonza, jirani yangu wa kibanda, naye yumo;
aliponiamkia, pumzi yake ilikuwa soya tupu.
Sikumwambia. Nankafu pia sikumwambia.

Kutwa mikono ndani ya gunia,
vumbi lake kwenye nyusi,
na nani angeona ningetupa kiganja kinywani?
Soya yangu mwenyewe!
Lakini ile namba juu ya pakiti ilikuwa mimi,
na ningedanganya, mwanamke nisiyemjua,
wa Bagira, au wa mbali kuliko Bagira,
angekunywa uongo wangu kwa kijiko.
Nikapima, nikafunga, nikajifuta mikono kwenye kitenge.
Siku themanini na nne.
Hata punje moja.

Mwisho wake: mia moja na kumi na tisa.
Cibalonza, mia moja na nane,
na anasema siku hizi analala na blanketi.
Nankafu akatikisa kichwa: watu wawili si jibu, Mama,
acha wote wahesabiwe.
Nikasema, nangoja.

Jioni nikawasha makala,
nikamwaga viganja viwili kwenye sufuria;
zikaruka, zikapasuka, zikaniita jina.
Nikazila zingali za moto,
nikiunguza ulimi ule ule
uliojua, ukanyamaza.