Faili la Boila

Makame aliniachia kompyuta, bawaba moja imevunjika,
makombo ya mkate kati ya herufi.
Spika alichukua. Viatu alichukua.
Hata mbuzi ya nazi alichukua,
mtu asiyejua kukuna.

Mvua ya Hull haidondoki, inapenya ubavuni.
Nimerudi zamu ya hospitali, vidole vinanuka klorini,
nikaifungua nimwone huyo mke mwenza
aliyekesha naye miaka minne,
masikio kayafunika, mgongo kanipa mimi.

Mafaili mia tatu na ushei.
Jaribio. Jaribio la Mwisho. La Mwisho Kweli.
Na moja, peke yake: Boila.

Nikabofya.
Vikatokea vijiwe vya kijani, ngazi kwa ngazi,
kila noti mahali pake kama shanga kwenye uzi,
na kimya.
Kinanda hakijapatikana, kompyuta ikasema.
Leseni imekwisha muda.
Nikacheka peke yangu jikoni:
hata wewe, mke mwenzangu, kakuacha?

Kinanda chenyewe si cha kushika.
Hakina mbao wala waya, hakina vumbi la kufuta.
Ni hesabu iliyovaa sura ya kinanda:
vifundo vya kuchora vinavyong'aa kama shaba,
mawimbi yenye meno ya msumeno,
na chujio, ndiyo, chujio,
la kukamulia sauti, tui zito kwanza, jepesi baadaye.
Na bahasha isiyo na barua.
Kazi yake ni kusema sauti iingie vipi,
ikae muda gani,
na ikiachiwa, ife ghafla au taratibu.
Hapo kwenye maelezo nilitua kidogo.

Bei: pauni themanini na tisa.
Mita ya gesi ilikuwa na pauni sita.
Lakini yapo majaribio ya bure, siku kumi na nne,
eda fupi kuliko yangu,
kwa sharti moja: kila sekunde hamsini
kinanda kinamwaga kelele, shhhhh,
kukukumbusha kwamba hukulipa.

Ko. Ko-ko. Ko.
Nilidhani ni ukutani. Nikavua hedifoni: kimya.
Lilikuwa boila letu la zamani
(halmashauri waliling'oa Machi,
wakaweka jipya lisilosema na mtu),
lile lililogonga saa tisa usiku,
mabomba yakaamka moja moja mpaka bafuni,
nami nikapiga ukelele: Makame, lipige teke!
Kumbe halipigi. Kumbe anahesabu.
Hakurekodi hata tone.
Amelijenga upya humo ndani, kifundo kwa kifundo:
kikohozi chake, mkoromo wa bomba la pili,
lile pumzi refu kabla maji hayajachemka.
Juu yake kitu chembamba kinapanda, kinasita,
sikukitambua ila mara ya tatu:
mimi, naosha vyombo, nikijiimbia puani.
Na hapo hapo, shhhhh.

Nikarudi mwanzo. Tena. Tena.
Amekosea.
Pale mwishoni mimi huwa nashuka, sipandi;
miaka minne, na masikio yote yale.
Nikakishika kijiwe kwa kipanya,
nikakishusha ngazi moja, nikasikiliza.
Ehe. Hivyo.

Kompyuta ikauliza: Uhifadhi mabadiliko?
Mkono juu ya kipanya, chai inapoa,
nilikuwa bado nafikiri,

shhhhh