Mbuzi Naye Anakamuliwa?

Uliniuliza mbele ya watu, baba mkwe,
siku ile nilipomshusha Limi kwenye guta:
"Mbuzi naye anakamuliwa?"
Kicheko kikapanda mawe ya Kayenze, kikarudi.
Wewe uliyewaita ng'ombe wako kwa rangi za ngozi zao
ukaniona nimeshika kamba ya kiumbe mwenye ndevu,
kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na mzaha.
Mbuzi wa maskini hazai, ukasema,
na akizaa, huzaa dume.

Sikujibu. Nilikuwa na kazi.

Banda nililiinua usawa wa goti,
kwa mabanzi waliyoyatupa mafundi mitumbwi,
nafasi kati ya banzi na banzi upana wa kidole:
kinyesi kipite, ukwato usipite.
Mbuke akapima kwa kidole chake.
Hapana, mwanangu, pima kwa changu,
wewe bado unakua.

Asubuhi, kabla ya jogoo wa mama Nyanzobe:
maji ya uvuguvugu, kitambaa, mkono.
Mikamuo miwili ya kwanza naitia kwenye kikombe cheusi,
naimulika kwa tochi ya simu.
Hakuna donge. Hakuna damu.
Ndipo sufuria.
Walisema nampigia mbuzi gitaa.
Njoo usikilize, baba, nani anapiga.
Nyuzi mbili tu. Mwanzo kali, bati tupu,
kisha sauti inazama, inanenepa,
inakuwa ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Anakula mabingobingo, lusina,
maganda ya mihogo niliyoyaanika juu ya jiwe
hadi yakavunjika kama vigae,
na vumbi la dagaa kidogo kwenye pumba.
Hataki kilichokanyagwa. Hataki chenye umande.
Ana maringo ya mgeni aliyeahidiwa kuku.
Wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi,
wakaingia puani, chunguni, kwenye masikio ya watoto,
yeye hufumba macho, akacheua,
akawaacha wapite.

Beberu yuko Igombe. Elfu kumi kwa siku moja,
na harufu wiki nzima kwenye kanga yangu.
Kwangu hakai. Maziwa ni mwizi wa harufu.

Masika ya kwanza akazaa pacha.
Kulwa na Doto; majina hayakuhitaji kikao.
Kulwa akaharisha siku tatu.
Nilimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa chupa ya soda,
nikamfunga kifuani kwa kitenge,
na alfajiri nikabaki na kitenge.
Sikulia mbele ya Mbuke.
Nilikwenda kukamua,
maana kiwele hakijui msiba,
kinajaa.

Halafu kiangazi kile, baba.
Tusikiseme sana. Zizi lako likawa ua wa kuanikia mtama,
na tumbo lako likaanza kukuunguza usiku.
Daktari akasema upunguze pilipili, uache gongo,
utafute maziwa mepesi.
Hukusema kitu.
Jioni moja tu nikamwona Mbuke anapita nyuma ya migomba,
kikombe chako cha bati mkononi,
kimefunikwa kwa sahani
kama chakula cha mfiwa.
Nikakijaza.
Kesho yake nikakijaza.
Mwaka mzima nimejaza kikombe kisichopita mbele ya nyumba,
na wewe kwenye vikao ukanisalimia kama kawaida,
ukiwa na ukungu mweupe kwenye sharubu.

Leo Limi amezaa tena. Mmoja.
Anayefuata pacha; jina lake unalijua.
Kabla sijafuta kamasi ya puani mwake
Mbuke amefika anahema:
babu anauliza, dume au jike?

Mpelekee kikombe. Hiki si cha leo,
ya leo ni mazito ya manjano, ni ya mtoto;
haya ni ya mbuzi wa pili, binti yake, Doto.
Mwambie Shija ni jike.
Mwambie aje amwone,
na apite mlango wa mbele.