Kitufe Chekundu

Valdivia mvua hainyeshi: inaishi.
Nasi tunapasua misonobari chini ya bati,
tukisemezana kwa macho,
maana msumeno haumwachii mtu neno.

Kitufe chekundu kilikuwepo siku zote,
kipana kama kitako cha bilauri, ukutani, jirani na mkanda.
Don Evaristo alikifungia ndani ya kioo:
atakayekibonyeza, ujira wa nusu siku umekwenda.
Kioo kikaota vumbi la mbao.

Kidole cha pete cha Eliecer Huenchumán
kiliondoka na ubao wa mbili kwa sita.
Alipiga kelele. Kitufe hakumjia akilini,
wala hakikutujia sisi.
Jioni tukagawiwa fulana: USALAMA KWANZA.
Ya Eliecer ilimpwaya.

Tangu siku ile tukafanya kazi kwa mkono mmoja.
Wa pili ulikuwa ukijilinda.
Na mkono mmoja haulei mwana,
gogo ndiyo kabisa.
Don Evaristo akatuita wavivu. Akanunua saa ya kuhesabu,
akaahidi bonasi, akabandika picha ya mfanyakazi wa mwezi.
Mbao zikazidi kutoka zimepinda
kama maelezo ya mwongo.

Akaja Rosalba Catrileo, msimamizi mpya,
buti zake za mpira zina viraka.
Jumanne, saa mbili na dakika kumi,
alivunja kioo kwa nyundo
akabonyeza.

Kimya.
Kimya hata tukaisikia mvua.
Nikagundua kwamba Nolberto ana kikohozi.
Tuliinamisha vichwa, kila mtu akipiga hesabu za mshahara wake.
"Nolberto," akasema, "kamba ya kiatu."
Akangoja ifungwe.

Mwisho wa mwezi hakuna aliyekatwa.
Si mshahara, si kidole.

Wiki iliyofuata kitufe kilibonyezwa mara kumi na tisa:
kibanzi jichoni, mnyororo uliolegea,
na mara moja mimi, bila sababu,
nione tu kama mashine itanisikia.
Ilinisikia.

Sasa daftari linasema mbao zimeongezeka.
Wenye kampuni wameshuka kutoka Santiago kuuliza siri,
Rosalba akawaonyesha ukuta.
Wakatazama rangi.

Mimi nijualo ni dogo:
mkono wangu wa pili umerudi kazini.
Na Eliecer, pale kwenye mkanda,
midomo ameikunja, anapiga mluzi.
Wimbo gani, hatujui.
Msumeno unanguruma.
Tutamuuliza ukisimama.