Kidahizo

kombora nm ma- [li-/ya-]
Hapo kalamu ilisimama, Jumanne, saa nne,
feni ya ofisi ya Upanga ikikoroga joto.
Maana ya kwanza nilirithi kwenye kadi:
silaha irushwayo kwa mtambo, ilipukayo ikitua.
Mzee Ngwali, mhariri, kauliza pembeni kwa wino mwekundu:
Na mkuki? Na jiwe la kombeo? Navyo havirushwi?

Nikamjibu: mkuki hutoka na jasho la kiganja,
mshale hutoka na pumzi iliyobanwa,
jiwe la manati linamjua mtoto aliyevuta mpira,
na mwenye bati anamjua pia, humwita kwa jina la mama yake.
Kombora halina kiganja.
Anayelituma hasikii linavyotua.
Akakata mstari. "Hii si fasili. Fupisha."

Maana ya pili niliiokota Temeke, penye kahawa:
mtangazaji kapaliwa na furaha redioni,
anaachia kombora, kipa hana habari!
na kikombe cha mtu kikamwagika juu ya bao.
Ya tatu ilikuwa gazetini: diwani kamrushia mwenzake makombora,
jioni wakaonekana wanagawana kuku.

Mfano wa matumizi nikaufuata Mbagala, kwa shangazi,
Bi Mwanahawa binti Pazi.
Redio ya jirani ikalitamka, goli likaingia,
uchochoro mzima ukapiga yowe.
Shangazi akainuka, akafunga dirisha polepole, akaketi.
Ukutani, ufa umezibwa kwa saruji ya rangi nyingine,
na juu ya saruji kalenda, haijafunuliwa tangu mwaka ule.

"Sisi hatukuliita hivyo," akasema, akipanga sahani.
"Tulisema kile kitu. Kile kitu kilipokuja
nilikuwa na mtoto mgongoni, kiatu mguu mmoja.
Na ghala lilikuwa letu wenyewe, mwanangu.
Hakuna aliyeturushia."

Usiku nikanyambua peke yangu:
ruka, rusha, rushwa.
Kurushwa kunadai mrushaji,
sarufi haimwachi mtu akaondoka hivi hivi.
Nikaifuta irushwayo. Nikairudisha. Nikaifuta.

Asubuhi kadi ilikuwa na mstari mmoja zaidi,
na Mzee Ngwali, aliyeushikia kalamu nyekundu
mpaka chai ikapoa, hajaugusa bado:

4 (Mbagala) kile kitu. Wingi hautajwi.