Kupoa

Mshale ulipanda kabla sijafika Ascotán,
ukasimama penye wekundu kama aliyeitwa jina lake.
Nikazima injini, nikashuka.
Jangwa lile halina hata nzi wa kukuonea huruma;
kuna chumvi, kuna upepo,
na siku hiyo kulikuwa na harufu ya utamu,
maji ya kijani yakichuruzika juu ya turbo iliyoiva.
Lori la chumvi likatuvuta hadi Calama,
dereva hakuuliza kitu, wala sikusema.

Rejeta ile baba aliilehemu mwenyewe,
shaba tupu, karakana ya mgodi, zamu ya usiku,
enzi gari lilikuwa pole na halijui turbo.
Kisha kaka yangu Wladimir akaja na injini ya mnadani,
yenye pumzi za watu wawili,
akaipachika, akaingurumisha mtaa mzima,
akahamia Antofagasta.
Joto akatuachia sisi.

Viraka saba. Nilivihesabu kwa kidole
kwenye meza ya Yasna Colque, muuza vipuri,
naye akavihesabu tena, midomo ikicheza.
Mwenye kovu usidhani kapoa.

Akaniwekea mbili mpya.
Ya kwanza alumini, nene kama tofali,
inang'aa hata niliona meno yangu ndani yake.
Niliipenda. Sikatai, niliipenda.
Yasna akachukua futikamba, akatoka nayo nje,
akainama chini ya boneti,
akapima kutoka mwamba wa mbele hadi feni:
milimita hamsini na tano, basi.
"Hii ni hamsini na sita, na bado haijatikisika barabarani.
Feni utaiweka wapi, chumbani kwako?"
Akafuta mikono.
"Unene si nguvu. Hewa isipopenya,
umenunua ukuta."

Ya pili alumini pia, safu mbili, thelathini na sita,
rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa majivu,
mishono yake wazi, haina la kuficha.
Bei ilinifanya nifungue pochi, nikaifunga.

"Na hii ya shaba? Ukiilehemu tena?"
Hakujibu. Aliigonga kwa kifundo cha kidole,
ikatoa mlio wa mtu anayekohoa chumba cha pili.

Nikampigia baba, Ollagüe.
Nyuma ya sauti yake mashine ya oksijeni
ilikuwa inavuta, inaachia, inavuta.
Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuzungukia.
"Ina kilo ngapi?" akauliza.
Saba na kitu.
"Shaba imepanda wiki hii. Uza."
Mashine ikavuta, ikaachia.
"Miaka thelathini nimeichimba ikawa ya watu.
Hiyo moja na ikulipie wewe.
Halafu kofia nunua mpya, usibane senti kwenye kofia;
huku juu maji yana haraka ya kuchemka,
maharage ndiyo hayaivi."

Mnunuzi wa vyuma chakavu aliitupa kwenye mizani
bila kuitazama. Sawa, kwake ni uzito.
Ilinipa theluthi mbili ya bei, pungufu ya kofia.
Nilibakiza kipande cha shingo ya juu, urefu wa kidole gumba.
Sijui cha nini. Kimo kwenye kisahani cha sarafu,
kinagongana na chenji kila kona.

Alhamisi nikapanda.
Turbo ikapiga mluzi wake mlimani,
mshale ukafika nusu, ukafikiri,
ukabaki hapo.
Kwenye doa la kijani juu ya chumvi
nikasimama, gari halina kosa lolote,
nikainua boneti, nikaweka kiganja karibu, si sana.
Feni ikawaka, ikazunguka, ikazima yenyewe.

Nyuma ya kiti nina lita ishirini za maji.
Baba ataniuliza za nini.
Nitamwambia ni za maharage.