Safu ya Tano

Nilipokabidhiwa stoo ya Ambokile, pale Mafiati,
daftari lilikuwa na neno moja kila ukurasa: "Yapo."
Mashuka? Yapo.
Mangapi? Yapo.

Nikaomba siku mbili na jiko la mkaa,
nikafunga mlango, nikamwaga kila kitu sakafuni,
nikachambua kama mtu achambuaye maharage:
zima huku, lililotoboka kule, lenye doa la chai kando.
Yaliyonunuliwa, mia tatu na kumi.
Yaliyoonekana, mia mbili arobaini na moja.
Sitini na tisa yamekwenda wapi, na hayana miguu?

Ambokile akasema ni panya.
Panya gani, bosi, anayekula shuka la sita kwa sita
asibakize hata pindo?

Nikanunua uzi mwekundu, nikashona namba pembeni,
usiku, umeme ukikatika nashona kwa kibatari.
Nikapiga rula, nikachora safu nne:
limetoka, limerudi, limechakaa, limepotea.
Gesti kumi na moja, kuanzia Uyole hadi Mbalizi,
kila moja na ukurasa wake.
Nsajigwa wa gari akafundishwa kutia saini
kabla ya kupakia, si baada ya chai.
Alininunia wiki nzima.

Namba kumi na nne nililikuta Iyunga,
limekuwa pazia kwa mpishi wa gesti.
Sikupiga kelele. Nilisimama tu nje ya dirisha, nikalitazama.
Jioni likaja limefuliwa, limekunjwa,
juu yake sado ya viazi.
Nikaandika: limerudi. Viazi sikuviandika.

Wenye vitabu wanasema kila kitanda mashuka matatu:
moja kitandani, moja majini, moja kabatini.
Aliyetunga kanuni hiyo hajawahi kuanika Mbeya mwezi wa saba,
ukungu umeshuka kutoka Loleza
umekaa uani kama mgeni asiyeaga,
shuka la Jumatatu linafika Alhamisi bado bichi.
Huku ni manne:
moja kitandani, moja majini, moja kabatini,
na moja kambani, linaomba jua.

Mwaka ulipogeuka, yaliyopotea yalikuwa matatu.
Ambokile alitununulia soda.

Kisha namba themanini na nane halikurudi.
Nikampigia Mama Tumwitike, mwenye gesti ya karibu na stesheni.
"Lilikwenda na mteja," akasema.
Nikashika kalamu nimlipishe.
"Alilala, hakuamka.
Mzee wa Makongolosi, mzigo wake mfuko mmoja wa rambo.
Ndugu walikuja na pikapu usiku, na baridi ile,
hawana hata kanga ya kumfunikia.
Nikawaambia, nendeni nalo."

Nilikaa na daftari mpaka chai ikapoa.
Limetoka, ndiyo.
Limerudi, hapana.
Limechakaa? La mwezi wa tano lile, lilikuwa bado linanukia dukani.
Limepotea?
Katika mashuka yote ya stoo hii
ndilo pekee ninalojua litakapokuwa kesho.

Nikachukua rula, nikachora safu ya tano.
Sikuipa jina. Nikaandika 88, na tarehe.

Mwisho wa mwezi Ambokile alipitisha kidole,
kikafika pale, kikasimama.
"Tumkate Mama Tumwitike?"
Nikamweleza.
Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa,
akatia saini chini kabisa, ndogo,
kama mtu aliyeingia chumba chenye mgonjwa.

Mashuka mapya yalikuja Septemba.
Nikatunga uzi kwenye sindano, nikaendelea na namba,
lakini ile sikumpa mwenzake yeyote.
Sasa Nsajigwa akipakia alfajiri, pumzi ikimtoka kama moshi,
anahesabu kwa sauti uani:
themanini na sita, themanini na saba,
anashusha sauti kidogo,
themanini na tisa.